Nimechora maboksi 187, bado yanafunguka kwa nyuma. Shida ni mkono, jicho au nimefundishwa vibaya?

#1 Kauntabuku

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 31, nimeanza kujifunza kuchora mwezi wa pili, najifundisha mwenyewe usiku nikitoka kazini. Kila niliyemuuliza nianzie wapi alinijibu kitu kimoja: chora maboksi. Kuna ile changamoto ya mtandaoni ya Drawabox, maboksi 250 kwa peni, mkono mtupu, hakuna kufuta. Ukimaliza ukurasa unachukua kalamu ya rangi nyingine, unarefusha kila mstari kuelekea upande wa mbali wa boksi, uone kama mistari inakaribiana inavyotakiwa.

Nimefika la 187. Yangu haikaribiani. Inaachana kama miguu ya twiga anakunywa maji. Yaani upande wa nyuma wa boksi, ambao ndio uko mbali, unakuwa mkubwa kuliko wa mbele. Ukurasa wa juzi nilichora sita: manne yamefunguka hivyo, moja limekaa sawa, moja sijui ni kitu gani.

Jana bi mkubwa kapita mezani, kasimama, kaangalia, kauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, haya majeneza yote ya nani?"

Tatizo liko wapi? Mkono, jicho, au hii njia yenyewe? Wajuzi karibuni.

#2 Nimekaa Pembeni

Uzi wa kuchora halafu hauna picha. Nasubiri.

#3 Mzee wa Rula

Kabla hatujaenda mbali. Sekondari ulisoma uchoraji wa kifundi?

#4 Kauntabuku

Ndiyo mkuu, miaka miwili, kisha nikahamia mchepuo wa biashara.

#5 Mzee wa Rula

Basi ugonjwa tumeupata. Kule ulifundishwa isometriki: setskwea ya nyuzi 30, kushoto 30, kulia 30, na mistari inayokwenda upande mmoja inabaki sambamba mpaka mwisho wa dunia. Ule ni mchoro wa kupimia, fundi aweke rula juu yake apate kipimo. Hauna mbali wala karibu. Sasa jicho limezoea kwamba kilicho mbali hupungua. Ukilionyesha boksi lisilopungua linahisi nyuma kumevimba, hata kama kwa rula pande zote ni sawasawa. Chukua mchoro wowote wa isometriki uutazame kwa dakika moja, utaniambia.

Somo hilo nimelifundisha miaka 19. Vijana waliokuwa wakali darasani ndio walioteseka zaidi walipotaka kuchora kwa macho. Mkono wako bado uko kidato cha pili.

#6 Shangazi Penseli

Shikamoo Mzee wa Rula. Lakini hapo naomba nipinge. Mleta mada kasema akirefusha mistari inaachana. Ingekuwa isometriki tu, ingebaki sambamba. Kuna kitu zaidi.

Nafundisha watoto kuchora kila Jumamosi na naliona jambo hili wiki nenda wiki rudi. Anayeshika peni kama anaandika barua, kiganja kimelala mezani, mstari wake unazunguka kifundo cha mkono. Unaanza vizuri, mwishoni unajikunja. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mstari wa kupanda kulia unatoka safi, wa kupanda kushoto unapotea njia. Inua kiwiko, chora kwa bega.

Na usibishane nami, jipime. Chora nusu ya boksi, geuza daftari juu chini, malizia. Kosa likihamia ubavu mwingine wa boksi, ni mkono. Likibaki ubavu uleule, ni kichwa chako.

#7 Kreni ya Usiku

Mimi perspektivi, yaani namna vitu vinavyopungua machoni kadiri vinavyokwenda mbali, nafundishwa bure na bado nalipwa mshahara, nafanya kazi bandarini. Kontena la futi 20: urefu mita 6.06, upana 2.44, kimo 2.59. Ni maboksi hayohayo ya mleta mada, ila yana kutu.

Simama chini, kwenye kona ya kontena mawili yaliyobebana. Macho yako yako kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Angalia ukingo wa juu kabisa: kadiri unavyokwenda mbali, unashuka. Ukingo wa chini uliolala kwenye lami unapanda. Halafu tafuta kati ya hapo, usawa wa macho yako, kawaida kuna mchubuko au mstari wa kutu. Ule haupandi wala haushuki, umelala tu. Huo ndio upeo wa macho. Upo kwenye kila kontena uwanja mzima, na kama bahari inaonekana kule nyuma, mwisho wa bahari umelala juu ya mstari huohuo.

Panda kreni sasa. Upeo unapanda na wewe. Ukingo wa juu uliokuwa unashuka sasa nao unapanda, na kuta za makontena zinabana kuelekea chini, kana kwamba yamesimama kwa ncha ya kidole. Mistari ya kwenda kushoto ina nukta yake ya kutokomea, yaani pale inapokutana kwa mbali, ya kwenda kulia nayo ina yake. Hiyo ya kwenda chini ndiyo nukta ya tatu.

Shida ya Kauntabuku kwa maoni yangu: maboksi yake yanaelea hewani. Hayajui kama yako juu ya macho au chini ya macho. Muulizeni upeo wa macho uko wapi kwenye ule ukurasa wa maboksi sita.

#8 Belo la Kwanza

Kreni ya Usiku samahani natoka nje ya mada. Hilo kontena la bluu lenye kutu halina belo zangu ndani kweli? Wiki ya tatu naambiwa "kesho".

#9 Kreni ya Usiku

Dada, la kwako lipo kwenye nukta ya kutokomea.

#10 Hesabu Tupu

Nimecheka kwa sauti ofisini. Turudi.

Hakuna aliyegusa umbali wa nukta za kutokomea, na hapo ndipo wanaoanza wengi wanapoangukia. Wanachukua A4, wanailaza, wanaweka nukta moja ukingo wa kushoto na nyingine ukingo wa kulia. Hizo ni sentimita 29.7. Boksi linatoka na kona kali kama pua ya jahazi.

Sababu yake inahesabika. Kona ya boksi ni nyuzi 90. Kwa hiyo jicho lako linatakiwa likae mahali ambapo likitazama nukta ya kushoto na ya kulia, pembe kati ya mitazamo hiyo miwili iwe nyuzi 90. Sehemu zote za namna hiyo ziko kwenye nusu duara ambayo kipenyo chake ni umbali kati ya nukta mbili. Kipenyo kikiwa sentimita 30, jicho haliwezi kuwa mbali zaidi ya 15 kutoka karatasini. Nani anatazama mchoro kwa umbali wa sentimita 15? Jaribuni lakini: fumba jicho moja, sogeza lingine mpaka hapo, mkabala na kona ya boksi. Lile boksi bovu linanyooka mbele yako.

Ukitaka liwe sawa kwa mtu anayelitazama kwa sentimita 40, nukta zako ziachane 80 au zaidi. Maana yake ziko nje ya karatasi, mezani. Bandika gazeti mezani, gonga pini mbili, funga uzi.

#11 Shangazi Penseli

Hesabu Tupu, somo zuri na nimelinakili. Ila umetibu mgonjwa wa kitanda cha jirani. Nukta zikiwa karibu mno, nyuma kunabana kupita kiasi. Yeye analia kwamba nyuma kunafunguka.

#12 Hesabu Tupu

Duh. Kweli. Nimechemka.

#13 Kauntabuku

Subirini, hajachemka sana. Maboksi yangu 50 ya mwanzo yalikuwa hivyohivyo, pua ya jahazi, nukta nilizibana ukingoni mwa karatasi. Jamaa mmoja akanicheka sana. Kuanzia hapo nikawa naogopa kubana, kila mstari nauvuta nje kidogo. Sasa nikisoma #10 naona huenda nilikimbia mvua nikaangukia kisimani.

Kipimo cha Shangazi nimekifanya leo mchana kwenye maboksi 8. Matano kosa limehama, matatu limebaki palepale. Nielewe nini?

#14 Shangazi Penseli

Elewa kwamba una yote mawili. Pole.

#15 Kibokoni Juu

Wenzangu wa Tanzania mwajitesa bure wallahi. Huku Mombasa mchoraji wa matatu hupaka ubavu mzima wa basi, uso wa mtu, maandishi yaruka kama yatoka nje ya bati, na ukimuuliza nukta ya kutokomea atakwambia ni saa ya kulipwa. Nyinyi wenyewe mna Tingatinga. Chui, ndege, mbuyu, hakuna boksi hata moja, na watalii wanunua mpaka leo. Yule mzee alianza 1968, akafa 1975, miaka saba tu, kaacha mtindo wa dunia nzima. Bila boksi.

#16 Rangi ya Baiskeli

Kibokoni Juu, Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, si 1975. Alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Kwa hiyo ni miaka minne tu, na hilo linaipa hoja yako nguvu zaidi. Alitumia rangi za mafuta za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa dari.

Mimi nimechora Tingatinga kwa ajili ya kuuza, miaka sita. Siku moja mteja alitaka duka lake lichorwe kwa mtindo ule, duka na kaunta na friji ya soda. Nikakwama siku mbili. Chui hakudai kona, friji inadai. Mwishowe nikaichora kwa mbele tu, mlango na mpini, nikamwambia ndiyo mtindo. Akalipa. Lakini mimi nilijua kwamba sikuchagua, nilishindwa.

#17 Kibokoni Juu

Ahsante kwa sahihisho. Friji yadai kona, hiyo nimeichukua.

#18 Msomaji wa Saa Nane

Nisichafue hewa lakini kuna maelezo mengine kabisa. Niliwahi kusoma kwamba mtafiti mmoja, William Hudson, mwaka 1960 alionyesha kwamba Waafrika wengi hawaoni kina kwenye picha. Tunaona picha kama kitu bapa. Inawezekana tatizo la mleta mada ni malezi ya macho tangu utotoni.

#19 Nyumba ya Msonge

Haya, nimefikiwa. Nimekulia nyumba ya duara, boksi la kwanza kuliona lilikuwa la biskuti, na nikalifungua vizuri tu bila kujigonga.

#20 Rangi ya Baiskeli

Msomaji, malizia hadithi basi. Michoro ya Hudson ilikuwa hivi: mtu ana mkuki, mbele yake swala, na katikati yao kwa nyuma kilimani kuna tembo mdogo sana. Unaulizwa mkuki unamlenga nani, na yupi yuko karibu na mtu. Ukisema tembo, umeandikwa huoni kina. Waliokuja baadaye wakaikosoa sana ile michoro yenyewe: mistari mitupu, hakuna kivuli, hakuna majani yanayofifia kwa mbali, kitu pekee cha kukuambia tembo yuko mbali ni udogo wake na mistari michache. Na kushindwa kusoma alama za mchoro usiyoizoea ni tofauti na kushindwa kuona. Aliyepima mkuki wake kwa swala wa kweli porini, kina alikuwa anakiona kuliko profesa.

#21 Msomaji wa Saa Nane

Nimeelimika. Ila bado nasema: shuleni kwetu hakuna aliyewahi kutuonyesha kuchora kitu kilicho mbele yetu. Tulikuwa tunanakili ubaoni. Hilo si malezi ya macho?

#22 Mzee wa Rula

Hilo ni kweli na limeniuma, maana mmoja wa waliokuwa ubaoni ni mimi.

#23 Mwinyi wa Muscat

Salaam. Mnazungumzia perspektivi kama mali ya Wazungu. Aliyeweka msingi ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, karne ya 11, katika Kitab al-Manazir. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni, na si jicho linalorusha miale kwenda nje kama wengi walivyoamini kabla yake. Wataliano walichukua kwake wakatengeneza michoro yao.

#24 Hesabu Tupu

Mwinyi, msingi wa macho na mwanga ni wake, hilo halina ubishi, na kitabu kile kilitafsiriwa Kilatini kikasomwa Ulaya. Lakini yeye hakuandika namna ya kuchora. Wa kuchora ni Brunelleschi wa Florence, mwanzoni mwa karne ya 15: alichora jengo la ubatizo lililoko mbele ya kanisa kuu, akatoboa tundu kwenye ubao, unachungulia kwa nyuma huku umeshika kioo, unaona mchoro umekaa pale pale lilipo jengo. Kanuni zikaandikwa na mwingine, Alberti, 1435.

Na angalieni: tundu moja, jicho moja, mahali pamoja. Ukihama unaharibu kila kitu. Ndiyo ile sentimita 15 yangu.

#25 Belo la Kwanza

Kontena limetoka jamani!!! Belo mbili zimelowa lakini limetoka. Endeleeni na Florence yenu.

#26 Randa na Msumeno

Mimi seremala, nimesoma uzi wote nikiwa nasubiri vanishi ikauke. Mnaongea sana, hakuna aliyemwambia atazame boksi. Kachora 187 na yote katoa kichwani.

Kauntabuku, chukua kasha la kiberiti. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, kama kiganja hivi, kwa fundi vioo unapewa bure, msasa kingo usijikate. Weka kiberiti mezani, kioo kisimame mbele yake, egemeza kwenye vitabu. Fumba jicho moja, tuliza kidevu juu ya kitu ili kichwa kisicheze. Fuata kingo za kiberiti juu ya kioo kwa kalamu ya ubao mweupe. Halafu laza kioo juu ya karatasi nyeupe utazame ulichochora. Hapo hakuna isometriki, hakuna Muscat.

#27 Mzee wa Rula

Bila kutulia kidevu utachora viberiti vitatu kwa mpigo. Natoa angalizo tu.

#28 Kauntabuku

Nimerudi. Nimefanya alichosema Randa, jana usiku, umeme ulikuwepo kwa bahati.

Mara mbili za kwanza mstari ulitetemeka mno, nikafuta kwa kanga ya mama, ugomvi mdogo ukatokea. Mara ya tatu nikaweka kidevu juu ya kopo la maziwa. Jicho langu lilikuwa kama nusu mita kutoka kwenye kiberiti, kiberiti kimenielekezea ule upande wa kusukumia droo. Nikapima kwa rula mchoro wa kwenye kioo. Ukingo wa mbele milimita 22. Wa nyuma milimita 20.

Milimita mbili! Nilikaa nikaiangalia. Nilikuwa nadhani kukaribiana ni jambo kubwa la kuonekana, kumbe kwa kitu kidogo ni unywele tu. Macho yangu yanakosa milimita mbili, na mkono wangu ukiyumba milimita tatu kwenda nje, boksi limeshafunguka.

Kwa hiyo sijui tena. Inaonekana wote mna haki na inaniudhi.

#29 Hesabu Tupu

Namba zimekaa sawa. Kiberiti kina urefu wa kama sentimita 5, wewe uko 50. Mbele 50, nyuma 55, uwiano wa 10 kwa 11. Milimita 22 gawanya kwa 11 zidisha 10, unapata 20. Kontena la Kreni ukisimama mita 3 kutoka mlangoni, nyuma ni mita 9, upande wa nyuma unaonekana theluthi moja ya wa mbele! Kwa hiyo anza na vikubwa vilivyo karibu, utaona kitu.

#30 Kreni ya Usiku

Ndiyo maana nilisema aje bandarini. Ila getini hawatamruhusu na kioo.

#31 Shangazi Penseli

Na usichore maboksi tu mpaka uchoke na roho. Hata hao wenye changamoto yao wanasisitiza nusu ya muda wako uchore unachokipenda, hata kikitoka kibaya. Wewe unapenda kuchora nini?

#32 Kauntabuku

Daladala, dada. Nataka nichore Coaster imejaa saa kumi na mbili jioni, konda ananing'inia mlangoni.

#33 Nimekaa Pembeni

Yaani ulichotaka ni boksi lenye matairi tangu mwanzo. Picha iko wapi?

#34 Kauntabuku

Haya, nimeweka. Ukurasa wa leo, namba 198 hadi 203. Wekundu ni ukaguzi.

#35 Nimekaa Pembeni

La tatu kutoka kushoto mama alikuwa sahihi.

#36 Mzee wa Rula

La 201 limekaa. Hilo la 199 ni isometriki tupu, nakuona.

#37 Shangazi Penseli

Mzee, 199 mstari wa kushoto umejikunja mwishoni. Ni kifundo cha mkono.

#38 Mzee wa Rula

Isometriki.

#39 Kauntabuku

Habari mpya: mama kaona nimekaa na kiberiti na kioo, kafikiri nimeanza kazi ya maana. Anasema kama siku hizi najua masanduku, nimchoree kabati la vyombo ampelekee fundi. Randa na Msumeno, nikikutumia mchoro kwa perspektivi nzuri kabisa utaweza kunipa bei?

#40 Randa na Msumeno

Bei nitakupa. Lakini nichoree kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, vipimo kwa sentimita, pande zote sambamba. Ukiniletea perspektivi nitakata mbao za nyuma fupi, mama yako alete sufuria zisiingie.

#41 Mzee wa Rula

Sambamba. Asante sana fundi.